Kirushio cha njiwa na mbwa wa bunduki: maswali ninayoulizwa kila wiki

Ninafundisha mbwa wa bunduki, yaani wale waliozalishwa kumsaidia mwindaji kutafuta na kuokota ndege, kwenye mashamba ya ngano upande wa Njoro, nje kidogo ya Nakuru, na simu yangu haipumziki. Anayepiga leo huuliza alichouliza wa jana, na mara nyingi huuliza akiwa ameshanunua kirushio, ile mashine ya kumrushia mbwa njiwa kwenye mazoezi, ameshamtisha mbwa, na njiwa wake wawili wameshapotea. Nimeyaandika majibu hapa ili nami nile chakula cha jioni kikiwa bado moto.

Kirushio ni kitu gani hasa?

Ni fremu ya chuma inayotoshea ndani ya karai la kufulia. Ndani yake kuna wavu au kitambaa kigumu ambamo njiwa hulazwa, na juu yake hukunjwa mikono miwili ya chuma inayovutwa na springi au mpira. Kuna pini inayoshikilia kila kitu kisifunguke. Ukibonyeza rimoti, pini inaachia, mikono inafunguka kwa kishindo, wavu unakazika ghafla, na njiwa anarushwa juu kupita kichwa cha mtu. Kutoka hapo anapiga mabawa na kwenda zake.

Vipo vidogo vya kware, vya kati vya njiwa, na vikubwa vya bata na ndege wa kimo hicho. Vingine vina king'ora kidogo kinachokusaidia kukipata kirushio ulichokificha kwenye nyasi ukasahau. Usicheke, utasahau. Kuna pia aina nyingine kabisa, kama Zinger Winger ya Marekani, ambayo ni manati kubwa yenye miguu inayorusha mdoli wa turubai, yaani kifurushi cha kuokotwa badala ya ndege, mbali kwa upinde. Hiyo ni ya mbwa wa kuokota, nitaigusa huko chini.

Lakini uwindaji Kenya si umepigwa marufuku?

Ndiyo. Uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inasema wazi kwamba kuwinda kwa ajili ya kujifurahisha ni kosa. Kwa hiyo anayenipigia akitaka "mbwa wa kwenda naye kutafuta kanga Mau Narok" namjibu kwa upole kwamba amekosea namba.

Kirushio hakiwindi. Njiwa anayeruka ni wako, umemfuga mwenyewe, na jioni analala kwenye kibanda chake. Mazoezi haya hayahitaji bunduki hata moja.

Sasa mbwa wa bunduki asiye na bunduki ana faida gani?

Muulize jirani yako mwenye kuku.

Sisemi hivyo kwa utani. Watu wengi wanaoniletea mbwa wa aina ya pointa, seta na spanieli hawakuwanunua kwa ajili ya ndege. Waliona picha nzuri, au mzungu alikuwa anahama akawaachia. Mbwa huyu alizalishwa kizazi baada ya kizazi atafute ndege kwa pua. Akifikisha mwaka mmoja, pua inaamka. Kama hujamwonyesha la kufanya nayo, ataanza na kuku wa jirani, kisha bata mzinga, kisha utaitwa kwa chifu. Nimeona mtu mzima akilipa majogoo saba kwa mwezi mmoja, na kila jogoo, kwa mujibu wa mwenyewe, alikuwa wa mbegu.

Mbwa aliyefundishwa kwa kirushio anajua kwamba ndege akiruka, yeye anasimama. Anajua hivyo kwa njiwa, na ukimpitisha polepole anajua hivyo kwa kuku. Hiyo peke yake inalipa gharama. Zaidi ya hapo kuna raha ya kumwona mnyama akifanya kazi aliyoumbiwa, na wapo wanaojiandaa kwa mashindano ya kazi ya mbwa yanayofanywa bila kuua ndege. Wachache wana jamaa Tanzania ambako uwindaji wa leseni bado upo, lakini hao hawazidi vidole vya mkono.

Kwa nini nisirushe njiwa kwa mkono tu, au nimfunge kamba mguuni?

Unaweza. Wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya walowezi huku Njoro na Subukia walimzungusha njiwa hadi akalewa kizunguzungu, wakamkunja kichwa chini ya bawa na kumlaza kwenye nyasi. Njia hiyo inafanya kazi, ila njiwa huamka anapotaka yeye. Ataamka mapema kabla mbwa hajafika, au hataamka kabisa na mbwa atamdaka.

Akimdaka, kazi ya wiki tatu imekwenda. Mbwa akishamdaka ndege mmoja kwa meno, anajua inawezekana, na kuanzia siku hiyo hatasimama akinusa. Atajirusha. Wa kamba mguuni ndiye mbaya zaidi, maana anaruka mita mbili na kuanguka, na hakuna kitu kinachomwasha mbwa kama ndege anayeanguka mbele yake.

Kirushio kinakupa kitu ambacho mkono hauwezi: wewe uko mita 20 nyuma, umesimama kimya, na njiwa anaruka sekunde ile ile unayotaka, juu, mzima, asishikike. Mbwa hakuoni ukifanya lolote. Kwa hesabu yake ni yeye aliyemfukuza njiwa kwa mguu wake mwenyewe.

Aanze akiwa na umri gani?

Miezi sita hadi minane kwa wengi. Kabla ya hapo mpeleke tu shambani, anuse, akimbie, aokote soksi. La muhimu kuliko umri ni kwamba awe anakuja akiitwa na anasimama akiambiwa "simama". Asiyejua hayo mawili nyumbani hatayajua njiwa akiwa hewani.

Mbwa wangu amekiogopa kirushio. Nifanyeje?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni kosa nililolifanya mwenyewe na sitaki ulirudie.

Mbwa wangu wa pili, jike mweupe mwenye madoa ya kahawia, alikuwa na pua kuliko mbwa yeyote niliyewahi kumshika. Nilikuwa na haraka. Siku ya kwanza niliweka njiwa kwenye mashine bila kumzoeza sauti yake, yeye akaja akielekea upande ulikokuwa ukienda upepo, hakunusa chochote, na mimi nikabonyeza akiwa hatua mbili kutoka kwenye chuma. Mkono wa kirushio ulimpiga chini ya taya. Hakuumia sana. Lakini kwa miezi minne, kila aliponusa njiwa alikunja mkia na kugeuka kando, anapita kana kwamba hakuna kitu. Kwa mbwa wa ndege hakuna ugonjwa mbaya kama huo, na mimi ndiye niliyemwambukiza.

Kwa hiyo, kwanza, sauti. Weka kirushio kitupu mita 40 kutoka mahali anapokula. Akiwa ameinamia sahani, bonyeza. Ataangalia, kisha atarudi kwenye sahani. Kesho mita 35. Ukiona amesita kula, umesogea haraka mno, rudi nyuma kwa siku mbili. Ukifika mita 10 na masikio yake hayashtuki, umemaliza. Kwa mbwa jasiri ni wiki moja. Kwa mwoga ni mwezi, na mwezi si mwingi.

Kama tayari ameshaogopa, sahau mashine kabisa. Mrudishe kwenye furaha: njiwa wa kurushwa kwa mkono, mbali, wakiruka na yeye akiwafukuza bila mtu kumkemea. Mwache awe mjinga kidogo. Mashine irudi baadaye, ikiwa tupu na kwa mbali, wakati wa chakula, kama mtoto anayeanza darasa la kwanza upya. Yule jike wangu alirudi. Si wote hurudi.

Siku ya kwanza ya njiwa ndani ya mashine inaendaje?

Anza na upepo. Chukua vumbi kidogo au nyasi kavu, iachie hewani, tazama inakwenda wapi. Kirushio kinakaa kwenye nyasi, na harufu ya njiwa inatoka hapo kama moshi wa jiko, nyembamba karibu na mashine, pana kadiri inavyokwenda na upepo. Mbwa lazima aukate huo moshi kwa ubavu, akiwa mbali. Huku Njoro asubuhi upepo huwa mdogo na hubadilika jua likipanda, kwa hiyo naangalia kila baada ya dakika kumi.

Weka njiwa, funika mashine kwa nyasi chache bila kuziba njia ya kurukia, kisha ondoka ukizunguka kwa mbali. Usitembee moja kwa moja kutoka kwenye kirushio hadi kwa mbwa, maana utakuwa umemchorea barabara ya harufu ya viatu vyako. Mbwa asione ukiweka.

Mtoe mbwa akiwa na kamba ya mita 8 hadi 10 inayoburuta nyuma. Mpitishe akikata upepo, kulia na kushoto. Atakuwa anakwenda mbio, mara kichwa kitageuka kana kwamba mtu amemvuta sikio. Ndiyo hiyo. Ameipata. Shika kamba, usivute, na usiseme neno.

Pointa mzuri huganda hapo hapo: mkia umenyooka, mguu mmoja juu, pua imeelekea alipo njiwa. Mara ya kwanza inaweza kuwa sekunde tatu tu. Zinatosha. Akiinua tu mguu kusogea, bonyeza, njiwa aruke, mwache mbwa amtazame hadi apotee. Mpapase kidogo, mtoe shambani ukipita njia nyingine. Njiwa wawili siku ya kwanza, watatu wakizidi. Wenye mbwa hutaka wa nne kwa sababu wa tatu alipendeza, na wa nne ndiye huharibu.

Nibonyeze wakati gani?

Hili ndilo swali. Mengine yote ni mapambo.

Bonyeza mbwa anapokosea. Watu hudhani njiwa ni zawadi, eti mbwa akisimama vizuri unamrushia ndege kama biskuti. Zamani nami nilidhani hivyo. Ukweli ni kwamba kwa pointa, njiwa aliye chini ndiye zawadi, na njiwa anayeruka ni hasara. Mbwa anataka kumkaribia. Akiganda, njiwa anabaki na harufu tamu inaendelea kuja. Akiiba hatua moja, njiwa anaondoka. Akiiba hatua nyingine kesho, njiwa anaondoka tena. Baada ya njiwa kumi au kumi na tano mbwa anafanya hesabu mwenyewe: mguu wangu ndio unaomfukuza. Anaacha kuiba hatua, na hujamkemea hata mara moja.

Kwa hiyo amenusa, amesimama, vizuri, subiri. Ameinua mguu kusogea? Bonyeza sasa, si baada ya hatua ya pili. Ukichelewa hadi akaribie mashine, mambo mawili mabaya hutokea kwa pamoja: anafunzwa kwamba kidogo tu angemdaka, na anaweza kupigwa na chuma. Kanuni yangu ni kwamba mbwa asipokuwa angalau mita 6 kutoka kwenye kirushio, sibonyezi kwa sababu yoyote. Namwita, naanza upya. Vilevile akija kutoka upande ambao hanusi, sibonyezi. Njiwa anayelipuka mbele ya mbwa ambaye hakujua kuna njiwa hamfundishi chochote isipokuwa hofu.

Akianza kusimama imara, mpite kando, nenda mbele yake, piga nyasi kwa mguu kama unayemtafuta ndege, kisha ubonyeze. Sasa wewe ndiye uliyefurusha, na yeye anapaswa kubaki. Wiki za mwanzo atabaki kwa sababu mtu mwingine ameshika kamba. Baadaye atabaki kwa sababu ameshazoea.

Na kidole kiwe mbali na kitufe. Siku moja niliweka rimoti mfukoni pamoja na funguo, nikainama kumsalimia mama mwenye shamba. Shikamoo haijaisha, njiwa akalipuka nyuma yake. Aliniruhusu kurudi baada ya mwezi.

Haya yote ni ya pointa. Mimi nina spanieli.

Spanieli hagandi. Kazi yake ni kuingia kichakani na kumfurusha ndege, kisha kukaa chini papo hapo ndege anaporuka. Kwake unabonyeza anapoingia kwa nguvu kwenye harufu, bado akiwa katika umbali salama, na sekunde hiyo hiyo unapuliza filimbi ya "kaa". Baada ya muda mlio wa mabawa wenyewe unakuwa amri. Spanieli huingia kwa kasi bila kusimama, kwa hiyo umbali wa usalama ninauongeza, na mashine ninaifunika kwa kichaka ambacho hawezi kukivamia moja kwa moja.

Na Labrador?

Labrador wa kuokota hahitaji sana kirushio cha njiwa. Anahitaji ile manati kubwa, au rafiki mwenye mkono mzuri aliyejificha mita 60 mbele na mdoli wa turubai. Anachojifunza ni kutazama kitu kikianguka, kukumbuka mahali, na kusubiri hadi atumwe. Kusubiri ndiko kugumu. Mrushie vitatu, umtume akaokote kimoja, viwili uende ukaviokote mwenyewe kwa miguu yako huku yeye amekaa anakutazama. Atakuchukia kidogo siku za kwanza.

Mbwa wangu anaganda kwenye mashine hata kama haina njiwa.

Ana akili kuliko unavyodhani. Amejifunza harufu ya chuma, ya mafuta, ya kinyesi cha zamani kwenye wavu, na ya mikono yako. Osha wavu. Weka mashine mbili au tatu shambani, moja tu ikiwa na njiwa. Zikiwa tupu, mpitishe tu bila kusema neno, asipate chochote. Badilisha shamba. Vaa glavu za bustani unapoweka njiwa. Na usiweke kila mara chini ya mti ule ule mmoja wa mgunga, kwa sababu atakwenda kwenye mti kwa macho na pua ataiacha nyumbani.

Njiwa gani wanafaa, na nitawapata wapi?

Njiwa manga wa kawaida, wale vijana wa mitaani Nakuru na Kisumu wanaowafuga kwenye visanduku vya mbao juu ya nguzo. Ila usinunue wakubwa halafu ukawaachia siku hiyo. Njiwa mkubwa aliyezoea kwao atarudi kwao, na aliyekuuzia atamuuza tena. Kuna kijana mmoja ambaye nilimlipa njiwa yule yule mara tatu kabla sijamtambua kwa unyoya mweupe wa bawani.

Nunua jozi chache, wafungie kibandani, waache watage. Hutaga mayai mawili, huatamia siku 18 hivi, na makinda hutoka kiotani wakiwa na wiki nne au tano. Hao waliozaliwa kwako ndio wafanyakazi. Waachie kwanza karibu na nyumbani wakiwa na njaa, kisha nusu kilomita, kisha kilomita mbili, kisha tano. Wazazi wao wabaki ndani.

Wapewe maji safi kila siku na nafaka, mtama au mahindi yaliyovunjwa. Kama una kuku karibu, uliza daktari wa mifugo kuhusu kideri, kwa kuwa njiwa wanaweza kubeba virusi vyake bila kuonekana wagonjwa sana. Nawa mikono baada ya kuwashika, hata kama mikono yako inaonekana safi.

Kware je? Kwale wa porini?

Kwale na kanga wa porini usiwaguse. Ni wanyamapori, na sheria ile ile inawalinda. Kware wa kufugwa ni wadogo, wanaruka chini chini na hawarudi nyumbani, kwa hiyo kila kware ni hasara. Wanaokumbuka homa ya mayai ya kware ya 2013 na 2014, wakati watu walikimbilia leseni za KWS, shirika la wanyamapori, wakidhani wamepata dhahabu na bei ikaporomoka ghafla, watanielewa ninaposema kware hutajirisha anayekuuzia.

Huko Nyanza wazee walimtega aluru, yaani kware kwa Kijaluo, kwa kumtundika mwenzake kwenye kijikapu juu ya mti mrefu, awaite wengine kwa wimbo. Mzee mmoja wa Siaya alipoona kirushio changu alikizunguka mara mbili, akauliza kwa nini ninalipia chuma kumwondoa ndege wakati wao walitumia nyasi kumleta.

Njiwa hawaumii?

Wakiwekwa vibaya, wanaumia. Mshike kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamekunjwa ubavuni, miguu nyuma. Mlaze na kichwa chake kikiwa huru juu ya wavu. Mikono ya chuma ifungwe bila kubana manyoya ya bawa. Vidole vyako vitoke kabla hujaondoa pini ya usalama, na kama mashine yako haina pini ya usalama irudishe kwa aliyekutengenezea.

Asikae humo zaidi ya dakika kumi, na asikae juani hata tano. Wanaosubiri wakae kwenye kikapu kivulini na maji. Akitua badala ya kuruka, au akitweta mdomo wazi, kazi yake ya siku hiyo imeisha. Njiwa mmoja asirushwe mara mbili asubuhi moja.

Tazama juu pia. Mwewe wa huku wana akili, na wakishajua saa zako watakuja kusubiri mtini kama abiria wa matatu. Nikimwona mmoja anazunguka, nafunga kikapu na kwenda kunywa chai.

Ninunue mashine ya nje au nimwendee fundi?

Nimetumia zote mbili. Za nje, kama za Dogtra au D.T. Systems, ni nzuri: hazipigi kelele nyingi, betri zinadumu, kipokezi hakiingii maji. Bei ni chungu, na ukijumlisha usafiri na ushuru inakuwa chungu zaidi. Kumbuka pia kwamba vifaa vya redio vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Uliza kabla ya kuagiza, usiulize kifurushi kikiwa kimekwama.

Fundi wa jua kali anaweza kukutengenezea kinachofanya kazi. Changu cha sasa ni fremu ya chuma cha mviringo, mpira uliokatwa kwenye tyubu ya lori, wavu wa gunia la vitunguu ulioshonwa mara mbili, na kile kimota kidogo kinachofunga milango ya gari, ambacho ndicho kinachovuta pini. Kinaamriwa na rimoti ya geti na betri ndogo ya volti 12. Mwambie fundi apige tupa kila kona, maana ncha moja ya uchomeleaji inatosha kumchana njiwa. Na jaribu rimoti karibu na nyumba za watu kabla hujaweka njiwa. Cha kwanza nilichotengenezewa kilifunguka kila mara gari fulani la kijijini lilipofungwa kwa alamu.

Kelele ya cha fundi ni kubwa kuliko ya cha dukani. Ongeza siku za kumzoeza.

Rimoti inafika umbali gani?

Ule ulioandikwa kwenye boksi ulipimwa uwanjani, bila mahindi na bila bonde. Weka mashine tupu, tembea ukibonyeza, ona inapokataa, kisha fanya kazi ndani ya nusu ya hapo. Mita 50 za uhakika zinakutosha kwa mafunzo yote niliyoeleza. Antena isilale juu ya chuma.

Nimzoeze vipi mlio wa bunduki?

Kama hutawahi kwenda naye kwenye bunduki, huna haja. Ukitaka, tumia mbao mbili zinazogonganishwa, kwa mbali, wakati njiwa yuko hewani na mbwa amezama katika kumtazama. Polepole zisogee. Usilete bastola ya kuanzishia riadha kwa kudhani ni mchezo. Sheria ya silaha Kenya, Sura ya 114, haina utani, na polisi atakayesikia mlio hatasubiri maelezo yako kuhusu spanieli.

Kola ya umeme?

Si kwenye njiwa. Mbwa atafunga maumivu na harufu ya ndege, na utaishia na hofu kama ile ya jike wangu iliyodumu miezi minne.

Mahali gani panafaa? Niko Kisumu.

Huku kwetu wakati mzuri ni baada ya mavuno, ngano au shayiri ikishakatwa na mabua kubaki. Omba ruhusa, kwa mdomo, kwa mwenye shamba mwenyewe, na umpelekee hata kilo ya sukari. Usiende karibu na ua wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Hifadhi hiyo ilianzishwa kwa ajili ya ndege, na mbwa hana biashara huko.

Kisumu iko mita 1,131 tu juu ya usawa wa bahari, Nakuru tuko kwenye 1,850 hivi, na tofauti hiyo mbwa anaiona kwa ulimi. Kisumu anza alfajiri mwanga ukipatikana tu, umalize saa mbili. Kuna nafasi nzuri upande wa Muhoroni kwenye mashamba ya miwa yaliyokatwa karibuni, lakini mabua ya miwa hukata nyayo, kwa hiyo kagua kwanza kwa miguu yako. Mafunjo ya Dunga yaache, yana ndege wao wasiopatikana kwingi.

Kuhusu kumwogelesha Labrador ziwani: methali inasema mbwa hafi maji akiona ufuko. Walioitunga hawakuona magugu maji ya Ghuba ya Winam, yanayofunika ufuko wote asubuhi moja. Ongeza viboko, mamba, na kichocho kwa wewe utakayeingia kumfuata. Tafuta bwawa la shamba unalolijua chini hadi juu.

Kuna la afya nisilosahau?

Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Dawa ya kupe kabla ya kila msimu, na kagua kati ya vidole na ndani ya masikio kila mnapotoka shambani. Mbwa anayefanya kazi kwenye nyasi za ng'ombe huku Bonde la Ufa atakutana na homa ya kupe mapema au baadaye. Akikataa chakula na fizi zikapauka, usingoje Jumatatu.

Itachukua muda gani?

Mara tatu kwa wiki, njiwa wawili au watatu kila mara, miezi mitatu hadi minne kabla hujamwamini bila kamba. Ukifanya kila siku itachukua miezi sita.

Naweza kuja kutazama bila mbwa?

Njoo. Tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na njiwa wa mwisho anaachiwa kabla ya saa nne ili apate muda wa kurudi kwao. Vaa gambuti, kuna umande. Ukifika ukaona watu wamesimama kimya wote wakitazama upande mmoja, simama ulipo hadi njiwa aruke, halafu ndipo usalimie.